Masera na Kiti cha Fiacre

25 mwezi wa nane

Leo asubuhi Mama Régine, mkubwa wa depo yetu ya dawa hapa Bunia, ameniita, mimi dereva wake, ofisini akaniwekea mezani kitu cheusi, upana wake kama kiganja. Ni GPS ya gari. Mdogo wake anayeishi Ubelgiji amenunua gari jipya lenye GPS yake ndani, basi hii ya zamani akaituma huku. Mama Régine hajui kuendesha, lakini kupanga kazi anajua. Amesema nitembee na kitu hiki msimu wote wa mvua, hadi mwezi wa kumi na moja, niandike mazuri yake na mabaya yake bila upendeleo. Kikionekana kinaweza kuongoza gari peke yake, kiti cha konvoyeri kitabeba karto za serumu, maboksi ya maji ya dripu, maana kila safari tunaacha nyingine depo kwa kukosa nafasi.

Konvoyeri wangu ni Fiacre, mume wa dada yangu Madeleine. Ndiye anayekaa kando yangu mbele, anayeshuka kupima matope kwa fimbo, anayeweka mawe chini ya tairi, anayeonyesha njia. Na ndiye anayeongea. Jamani, Fiacre anaongea! Tunatoka Bunia, sijabadilisha hata vitesi, bado niko gia ya kwanza, tayari ameanza habari ya mbuzi wa jirani yake. Tukifika Iga Barrière huyo mbuzi bado hajakamatwa. Mimi ni mtu wa kimya, napenda kusikia injini. Basi nitaandika kweli, kwa kuwa daftari hili ni langu na la ripoti ni lingine: niliposikia maneno ya Mama Régine nilifurahi moyoni, nikajifanya kukuna kichwa.

27 mwezi wa nane

Tumekifunga kwenye kioo cha mbele. Kinashikwa na mpira unaonyonya kioo, na waya wake unaingia pale pa kuwashia sigara. Sauti ni ya mwanamke, Kifaransa safi kabisa, hana haraka wala hasira. Fiacre amesikiliza kidogo akasema huyu ni masera, mtawa aliyewafundisha darasa la tano, isipokuwa huyu hana fimbo. Jina limebaki hilo. Masera.

29 mwezi wa nane

Safari ya Kilo. Mazuri: Masera anajua kona kabla hazijafika. Ukungu ulikuwa mzito, sikuona hata pua ya gari, naye akasema kona kali kushoto, na kweli kona ikawa kushoto. Mabaya: alisema tutafika saa nne asubuhi. Tumefika saa tisa. Kila tulipokwama alisogeza saa mbele, hata pole hakutupa.

Kule Kilo alitupokea muganga Émilienne, anayesimamia santre ya afya. Alikuwa ametuwekea ndizi za makemba za kuchoma. Akamwuliza Fiacre habari ya watoto wake, mmoja mmoja kwa jina, na Fiacre akajibu kwa kirefu hadi makemba yakapoa.

30 mwezi wa nane

Mvua. Nimelala.

4 mwezi wa tisa

Mongbwalu. Daraja dogo lilikuwa limebebwa na maji, ikabidi tuzunguke vijijini. Penye njia panda Fiacre akaapa kwamba ni kulia. Masera akasema kushoto. Nikafuata kushoto, tukatokea barabarani bila shida. Nilimcheka Fiacre mpaka machozi. Ukweli ni kwamba shemeki wangu huyu, pamoja na miaka yake yote barabarani, hajui njia. Anakisia. Mara anakisia vizuri, mara tunajikuta tunasalimia watu wa kijiji ambacho hatukukusudia kwenda. Hakukasirika hata kidogo. Alisema Masera ana haki, niandike hivyo hivyo. Nikaandika.

7 mwezi wa tisa

Siku ya yenga. Baada ya ibada ya Jumapili tumekula kwa Madeleine. Yeye na Fiacre wanajenga furu ya mikate nyuma ya nyumba, matofali na udongo, na Fiacre alinizungusha humo kama mtu anayeonyesha kanisa. Anasema ni furu ya Madeleine. Madeleine alicheka tu.

Tuliporudi nyumbani, mke wangu Jeannine, ambaye hana maneno ya kuzunguka, aliniuliza kama ni kweli naisifu ile mashine kwa ripoti. Nikasema naandika ninachokiona. Akaacha kukunja nguo.

"Na siku Fiacre atashuka ku gari, utaambia dada yako nini? Ni weye njo uliandika."

Nikachukua shati nikaendelea kulikunja mimi. Na si habari ya chakula cha watoto tu, ingawa hiyo nayo ipo. Kiti kile Fiacre alipewa na baba yangu, muzee Ézéchiel. Siku ya mahari, ng'ombe walipokwisha kupokelewa, muzee alisimama mbele ya familia zote mbili akasema hatampa binti yake mtu atakayekaa mbali na kaka yake. Fiacre atatembea na Aimé, yaani mimi, kila mmoja amrudishe mwenzake nyumbani. Ilikuwa miaka mibaya ya barabara, na watu wote waliitika. Kwetu neno la siku ya mahari mkwe hawezi kulirudisha. Nyumba iliyolisema tu ndiyo inayoweza kulichukua tena. Baba ametutoka, Mungu amweke pema. Na sasa mimi, mtoto wake mkubwa, namshusha mkwe wake kwa kalamu, kwa ajili ya redio inayoongea Kifaransa. Usingizi ulikuja kwa taabu.

8 mwezi wa tisa

Nimeamua. Kuanzia leo Masera atanitambua.

11 mwezi wa tisa

Barabara ya mawimbi-mawimbi. Mpira umeachia kioo, Masera ameanguka akaingia chini ya breki, nikaona kifo. Nimeliandika kwenye ripoti kwa herufi kubwa. Sasa tumemfunga kwa ukanda wa tairi la baiskeli na anaonekana kama mgonjwa wa meno.

15 mwezi wa tisa

Masera hajui siku za soko. Alisema niende mbele moja kwa moja, na mbele kulikuwa na wamama wameketi na unga wa muhogo barabara nzima. Nimetumia ukurasa mzima kwa hilo.

18 mwezi wa tisa

Barrière ya mvua. Mti umelazwa barabarani, gari halipiti mpaka mvua ikatike na udongo ukauke. Ndiyo sheria, na ni sheria nzuri, bila hiyo malori yangekata barabara vipande. Masera hakuielewa. Tumekaa pale toka asubuhi hadi alasiri, malori mbele yetu, malori nyuma yetu, naye kila nilipowasha injini akasema tuendelee mbele. Ningemweleza nini? Hili nalo limeingia kwenye ripoti.

Lakini kilichonisumbua ni Fiacre. Alikaa kimya muda wote, kichwa kimeegemea kioo cha dirisha, uso umetulia. Nikamwuliza ana nini. Akasema hana kitu, anapumzika. Nikajua moyoni kwamba amesikia habari ya kiti chake, na kwamba Masera anamla ndani kwa ndani. Ajabu ni kwamba mti ulipoinuliwa na gari likaanza kwenda, na yeye akaanza: mbuzi wa jirani amekula daftari la shule la mtoto wa katekista. Nilimhurumia. Mtu anaficha uchungu wake kwa kuchekesha wenzake. Nimeandika kurasa tatu za mabaya ya Masera, mengine nimeyakuza kidogo.

24 mwezi wa tisa

Mama Régine ameshuka uwanjani wakati tunapakia, akamwuliza Fiacre mwenyewe anaionaje mashine. Fiacre akasema ni nzuri sana. Haichoki, haisinzii, inamshinda yeye mbali. Nilimkanyaga mguu. Akaendelea kusifu na mguu wangu uko juu ya wake.

Ndani ya jipi nikamwuliza kama ana akili timamu. Akasema ukweli ni ukweli. Nikamwambia basi anyamaze na ukweli wake, mimi namtafutia mkate. Aliniangalia kwa namna sikuielewa, kisha akarudi kwa mbuzi.

2 mwezi wa kumi

Boga. Siku nzuri kuliko zote za msimu huu. Usiku ilinyesha, asubuhi jua likatoka, bonde la Semliki lote likawa jani bichi. Barabara ilikuwa kavu juu na laini chini, jipi lilitembea kama limetoka dukani. Masera alinyamaza kwa muda mrefu kwa kuwa hakukuwa na pa kugeukia. Fiacre aliongea njia nzima, na mahali fulani baada ya mchana nilijishtukia nauliza: sasa jirani alifanya nini? Kumbe nilikuwa nasikiliza. Kumbe hata jina la yule katekista nalijua. Mbuzi ameuzwa hatimaye, na nimesikitika kidogo.

5 mwezi wa kumi

Siku ya yenga. Furu imekwisha. Mikate ya kwanza iliungua, ya pili ilitoka vizuri. Nilitazama Fiacre akiitoa: hakusema neno. Mtu huyu huyu. Alikuwa anaigonga mikate chini kwa kidole, anasikiliza, anaiweka kando. Nimekula kupita kiasi na tumbo linanilaumu.

6 mwezi wa kumi

Mvua.

7 mwezi wa kumi

Mvua tena. Jeannine ameniuliza kama nimeolewa na kitanda.

9 mwezi wa kumi

Njia ya kurudi kutoka Mongbwalu ilipotea kwenye maji, hata alama za tairi zetu za asubuhi hazikuonekana. Masera alikuwa amezihifadhi. Alichora mstari wa pale tulipopita, nikaufuata polepole, tukatoka salama. Hii si kazi ndogo. Mungu anisamehe, kwenye ripoti sikuiandika.

16 mwezi wa kumi

Leo nina mengi. Niandike yote kabla sijayapanga vizuri kwa faida yangu.

Tulikuwa tunaenda Kilo na serumu na vipimo vya malaria. Muganga Émilienne alikuwa ametuma habari kwamba amefungua karto ya mwisho. Usiku mvua ilipiga hadi alfajiri, asubuhi ukungu. Kabla ya kufika tukakuta lori limelala kwa upana katikati ya barabara kubwa, na watu wanapika chakula kando yake, ishara kwamba hawategemei kutoka leo. Kulikuwa na njia mbili za kulizunguka. Masera akasema kushoto, ile inayopita juu ya mgongo wa kilima. Ni ndefu, lakini maji hayakai huko.

Nikamwuliza Fiacre. Nilimwuliza kwa sauti kubwa, kama vile Masera ni mtu na nataka asikie aibu. Akasema tumfuate Masera. Nikasema hapana, weye mwenyewe, kwa kichwa chako, unaonaje? Akaona nataka jibu, akasema labda kulia. Alikuwa anakisia. Nilijua anakisia. Nikakata kulia hivyo hivyo, kwa sababu nilitaka ashinde walau mara moja, na mimi nipate cha kuandika.

Kulia ni njia ya wachimba dhahabu. Inapita katikati ya mashimo ya zamani yaliyojaa maji ya udongo. Tulikwenda vizuri kidogo, halafu tairi la nyuma likateleza, jipi likainama upande wa Fiacre na kusimama hapo. Chini ya mlango wake kulikuwa na shimo. Injini ikazimika. Masera akasema kwa upole wake ule tugeuze gari.

Nilifungua mlango wangu, uliokuwa juu sasa, nikamwambia Fiacre anifuate polepole. Hakusogea. Ameshika ubao wa mbele ya kiti kwa mikono miwili, macho ameyafumba, na anaongea. Mbuzi, jirani, daftari, katekista, yote yamechanganyika, kwa sauti ya mtoto anayesoma sala bila kuielewa. Nikamshika shati nikamvuta mpaka akatoka. Alitembea kidogo, akatapika, akaketi kwenye matope. Nilifikiri ni mshtuko tu. Nikamwambia pole, imekwisha.

"Shemeki, mi naogopaka barabara," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Kama naongea, siangaliaka chini. Kama nanyamaza na gari inatembea, naona tu namna tunaanguka."

Nikamwuliza: miaka yote hii? Akaitika kwa kichwa. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Aliniangalia kama mtu anayeangalia mtoto mgumu wa kuelewa.

"Nitasemea nani? Muzee alishaka kusema mbele ya batu. Mukwe hawezi kurudisha neno ya muzee. Ni weye tu njo unaweza kunifungua, na weye ulinyamaza. Kiisha Masera akakuya. Nikasema, sasa Mungu amenikumbuka."

Basi nikaelewa yote kwa mara moja. Alimwombea Masera ashinde. Alimsifu mbele ya Mama Régine na mguu wangu juu ya wake. Furu ni yake. Na mimi, kila jioni, naketi naandika kurasa za kumfunga, najiona ndugu mwema.

Niliona aibu, na aibu ikageuka hasira, ndivyo nilivyo. Nikamwambia kumbe miaka yote alikaa kando yangu kama mfungwa. Akasema hapana, akajifuta mdomo kwa mkono.

"Na weye nilikuwa muzuri. Ni barabara njo ilinishinda."

Wachimbaji walitusikia wakatoka kwenye mashimo yao na kamba na masepetu. Walivuta jipi huku wakiimba na kututukana kwa furaha. Mmoja akauliza ni nani mwenye akili aliyetuleta huku. Nikasema ni mimi. Tukarudi penye njia panda, tukakata kushoto kama Masera alivyosema, na kabla ya jioni tukaingia Kilo. Muganga Émilienne alikuwa amesimama barabarani anatungojea. Hakuna mgonjwa aliyekufa kwa kutungojea, asante Mungu. Njiani Fiacre aliongea bila kupumua, na safari hii mimi nilimjibu kila neno, ili pasiwe na nafasi ya kuangalia chini.

17 mwezi wa kumi

Ripoti sikuigusa.

18 mwezi wa kumi

Wala leo.

19 mwezi wa kumi

Siku ya yenga. Sikuenda kula kwa Madeleine, nimesema naumwa kichwa. Jeannine hakudanganyika. Nilimweleza yote. Akauliza, na mimi sasa kinachoniuma ni nini?

Kinachoniuma ni hiki. Nilidhani mimi ndiye ninayemvumilia. Miaka yote nilijisifu kwa uvumilivu wangu, na kumbe mvumilivu alikuwa yeye. Halafu kuna lingine. Nikimfungua, nitatembea na nani? Nilimwambia Jeannine hivyo, na sauti yangu ikakatika kidogo, nikasingizia pilipili. Alisema neno la kumfungua liko mdomoni mwangu, si mdomoni mwa baba tena, na kwamba nisilikalie.

Nitalikalia kidogo.

22 mwezi wa kumi

Mvua. Nimesafisha karbureta ambayo haikuwa chafu.

27 mwezi wa kumi

Mama Régine aliomba asome sehemu ya kwanza ya ripoti, na leo ameniita. Alikuwa anatabasamu. Amesema hajawahi kuona mashine yenye kasoro nyingi hivyo, na kwamba atairudisha Ubelgiji na shukrani. Tena kuna habari njema: Fiacre, ambaye siku zote ni mfanyakazi wa kila safari, atapewa mkataba wa kudumu. Konvoyeri wa jipi hili mpaka uzee. Anataka kumwambia mwenyewe kesho, amwone uso wake.

Nikasema asante sana, mama. Nikatoka. Nikasimama uwanjani kando ya jipi. Nikaona uso wa Fiacre akipewa karatasi ile. Angesema asante, hapana shaka. Angetabasamu, angepanda gari na kuanza kuongea.

Nikarudi ndani bila kubisha hodi. Nikamwambia Mama Régine kwamba ripoti imepinda, kwamba mazuri niliyaficha na mabaya niliyanenepesha. Alivua miwani. Nilieleza habari ya muzee, ya siku ya mahari, ya shimo. Kwa kweli alikasirika, akasema aliniomba mizani na mimi nikaweka kidole juu yake. Sikujitetea. Mwishowe akaniuliza:

"Papa Aimé, weye unataka nini? Mashine, ao mutu?"

"Nataka Fiacre abakie nyumbani," nikasema.

Akarudisha miwani. Akasema niandike upya, safari hii kila kitu, na kwamba mkataba utangoja.

2 mwezi wa kumi na moja

Siku ya yenga. Nilimwalika Léon, baba mdogo wa Fiacre, ili upande wao uwepo, maana jambo la mahari halifanywi na watu wawili jikoni. Tulikusanyika kwenye uwanja wa Madeleine. Niliondoa kofia. Nilikuwa nimejifunza maneno usiku kama mwanafunzi, na yote yakanitoka, nikasema yaliyobaki.

"Neno ya baba ilikuwa muzuri, na ilitumika: siye wote wawili tulirudiaka nyumbani. Leo mimi mutoto wake naichukua tena kwetu. Fiacre, barabara haikudai tena kitu."

Wazee wa pande zote wakaitika. Fiacre alijaribu kusema, na kwa mara ya kwanza toka nimjue hakupata la kusema. Alilia waziwazi. Madeleine alinishika mashavu mawili kwa mikono yenye unga, kama mama yetu alivyokuwa akifanya, akaniita yaya, kaka mkubwa. Léon akaomba chai. Tukala mikate moto, watoto wakapigania maganda. Nilifurahi, nasema kweli, na chini ya furaha kulikuwa na mahali patupu. Vyote viwili vilikaa vizuri pamoja.

14 mwezi wa kumi na moja

Ripoti mpya imekwisha. Nimeandika kwamba Masera anajua njia kuliko mimi na kuliko Fiacre, hasa katika ukungu, na kwamba mstari wake wa kurudi umetuokoa. Kwamba hajui matope, soko, wala barrière ya mvua, na kwamba saa yake ni ya nchi nyingine. Kwamba hawezi kushuka. Kwamba anaanguka, lakini ukanda wa baiskeli unatosha. Kwamba hakumpoteza mtu hata mara moja alipofuatwa, na siku tuliyopotea kosa lilikuwa la dereva. Mama Régine alisoma mpaka mwisho amesimama. Masera anabaki. Kwa Kilo kiti kitabeba serumu. Kwa Mongbwalu na Boga atatafutwa mtu wa pili, anayependa barabara, nami nitaulizwa.

20 mwezi wa kumi na moja

Safari ya kwanza bila Fiacre. Karto za serumu zilikaa kitini kwake, nimezifunga mkanda. Hali ya hewa nzuri, wingu kidogo. Masera aliongea panapostahili. Nilikuwa na kimya changu chote, na nilikula karanga.

Pale Iga Barrière mama anayeuza mayai alikuja dirishani mwa upande wa pili kama kawaida. Akaona karto. Mkono ukaenda mdomoni, beseni likashuka polepole kutoka kichwani. Aliniambia pole, papa, ni lini mnazika? Sikumwelewa. Kisha nikaelewa. Katika barabara zetu kiti kikiwa kitupu, watu hawaulizi mwenyewe amekwenda wapi.

Nikasema hapana, hapana, mama, ni mzima. Anapika mikate Bunia. Alinikazia macho aone kama nadanganya, halafu akacheka kwa nguvu, akapiga mlango wa jipi kwa kiganja, akasema nimpelekee yai. Alilitupa dirishani, nikalidaka.

Mbele kidogo yule mzee wa barrière ya mvua alivua kofia kabla sijasimama. Nikamwambia. Akaivaa tena, akaamkia mbingu. Penye kilima wachimbaji wawili waliacha kutembea, wakatazama kiti, wakatazama chini. Nikasimamisha gari nikawaambia nao. Masera alikuwa anasema tuendelee mbele, nikampunguza sauti. Nilisimama kila mahali. Sikujua kwamba watu wengi hivyo walikuwa wanahesabu vichwa vyetu tunapopita.

Kilo nimefika alasiri. Muganga Émilienne alikuwa kwenye ngazi ya santre. Aliliona jipi kutoka mbali, akainua mkono kusalimia, kisha mkono ukasimama hewani. Alipoketi chini na kufunika uso kwa koti lake jeupe nilikuwa bado sijazima injini. Niliiacha inawaka, nikaruka, nikakimbia, mimi mwenye magoti haya.

"Mama, usilie. Fiacre hakufa. Iko nyumbani, anapika mukate. Angalia, alikutumia."

Nikamwekea mkononi mkate uliofungwa kwa kitambaa cha Madeleine. Aliugusa pande zote. Machozi yalikuwa yanaendelea kushuka kwa kuwa yalikwisha kuanza, na mdomo unacheka. Akaniambia niseme tena. Nikasema tena.